Mgomba mfupi si mgomba mtoto

Wiki mbili zilizopita, katika grupu ya WhatsApp ya watu tuliomaliza agronomia pamoja, mtu mmoja aliuliza kama kuna mwenye habari ya ile kazi tuliyoomba karibu wote. Hakuna aliyejibu kwa maneno. Wa kwanza alituma stika ya Pawpaw ameshika kiuno. Wa pili Pawpaw anatazama pembeni kama mtu aliyesikia uongo. Wa tatu Pawpaw analia. Kwa dakika kumi nzima wahitimu wa chuo kikuu tulizungumza kwa uso wa mtu mmoja, na tulielewana vizuri kuliko siku tunazoandika.

Kisha ndugu mmoja akaleta picha ya Osita Iheme ya siku hizi. Suti, saa mkononi, mashavu yamekaza, uso wa mtu mwenye mambo ya kulipa. Akaandika: "Bandugu, kumbe Pawpaw njo anazeeka hivi?" Hapo grupu ikawaka moto. "Haiwezekani." "Leta picha ya kweli." Dada mmoja akasema ameumia moyoni kama vile wameuza nyumba ya kwao bila kumwambia.

Miye sikuandika kitu. Nilikuwa na sababu yangu, nitaisema mbele kidogo. Lakini lile neno la dada lilinibakia kichwani. Kwa nini uso wa mtu mwingine ukikomaa tunasikia kama tumeibiwa?

Tufanye hesabu kwanza. *Aki na Ukwa* ilitoka Nigeria mwaka 2002. Osita Iheme, aliyecheza Pawpaw, alizaliwa Februari 1982. Chinedu Ikedieze, aliyecheza Aki, alizaliwa Desemba 1977. Maana yake wale watoto wawili watukutu waliokuwa wanasumbua kijiji kizima, mmoja alikuwa na miaka 20 na mwingine anakaribia 25. Ni umri wa G2 na umri wa L2. Wakati tunawaona wanachapwa fimbo juu ya kuiba chakula, wangeweza kuwa wameketi nyuma yetu kwenye somo la pedolojia.

Miye niliwaona mara ya kwanza nikiwa mwaka wa pili wa shule ya msingi, hapa Bukavu, kwenye chumba kimoja cha video chenye mabenchi ya mbao na televisheni moja juu ya meza. Jenereta lilikuwa nyuma ya ukuta, na siku nyingine sauti yake ilikuwa inashinda ya filamu. Haikutusumbua. Kiingereza cha Nigeria hatukukisikia hata neno moja, na msimulizi wa Kiswahili aliyewekwa juu yake alikuwa anaongeza maneno yake mwenyewe, anataja hata bei ya nyanya. Tulikuwa tunafuata macho na mikono. Ninafikiri ndiyo maana hawa wawili waliingia kwetu kuliko waigizaji wengine wengi wa kule: ucheshi wao haukuhitaji lugha.

Yaya wangu njo aliyeniharibia. Tukiwa tunarudi nyumbani akasema: "Wale si batoto. Ni bababa kabisa." Nilimwita muongo, tukapigana barabarani, akanishinda. Lakini kesho yake nilirudi kwenye kile chumba, si kwa kucheka, kwa kuchunguza. Niliangalia shingo. Niliangalia mikono, namna Aki anavyoshika kitu. Niliangalia hasa ule utulivu wa Pawpaw kabla ya kufanya kosa: anasimama, anageuza macho polepole, anangoja. Mtoto hawezi kungoja vile. Nikajua yaya alikuwa anasema kweli. Na hapa ndipo pa ajabu: niliendelea kucheka, na nilicheka zaidi.

Nataka nibaki kwenye hiyo sekunde ya kungoja, juu ya ni hapo ufundi wao ulipo. Watu wengi wanafikiri tulikuwa tunacheka kimo chao. Kuna filamu ambamo ni hivyo kweli, sikatai. Walicheza nyingi mno, kwa haraka mno, na katika baadhi yake kamera inawekwa juu ya kichwa cha mtu mrefu ili tuone tu namna walivyo wafupi. Basi, mwisho wa kazi. Hizo leo ukiziangalia unaona haya. Lakini katika zile nzuri, wao ndio wanaoendesha mchezo. Mtu mzima anaingia na heshima yake yote, na tumbo lake, na fimbo yake, na wale wawili wanamtazama kwa zile sekunde mbili. Tayari ameshashindwa na hajui.

Kwetu hapa mtoto hamtazami mkubwa hivyo. Hamjibu, hamuulizi pesa ya kanisa ilikwenda wapi. Aki na Pawpaw walituchezea mambo ambayo hakuna mtoto wa mtaa wetu angeyafanya halafu alale na meno yote. Na kwa sababu tulijua, au tulihisi, kwamba ndani ya ile kaptula kuna mtu mzima, hata zile fimbo walizopigwa zilivumilika kuziangalia. Mweke mtoto wa kweli wa miaka minane pale achapwe namna ile, chumba kizima kinanyamaza.

Sasa niruhusuni niingize kazi yetu kidogo. Jina lenyewe la filamu ni somo la mimea. Kwa Kiigbo, aki ni kokwa ya mchikichi. Ukwa ni mbegu ya ule mti mkubwa wa msituni tunaouita kwa Kilatini *Treculia africana*, ambao uko hata kwetu Kongo. Wanazikaanga zile mbegu, wanazila pamoja na kokwa za mawese, mdomo mmoja. Vitu viwili vidogo, vigumu, vinavyotafunwa pamoja: yeyote aliyechagua jina hilo alijua anachofanya. Halafu kuna mgomba tunaouita Petite Naine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiuona shambani anasema huu bado mtoto, ngojeni ukue. Wakati huo uko na mita mbili tu na tayari unabeba mkungu mzima. Ulishakomaa. Ni jicho lake njo linasoma vibaya, anapima umri kwa urefu.

Nimefika kwenye sababu yangu.

Niko na miaka 28 na niko na uso wa mtoto. Si kimo tu, ni mashavu, ni sauti, ni ndevu ambazo hazijafika na nadhani zimepotea njia. Wakati wa staji, walinituma Walungu kwa mama mmoja ambaye migomba yake ilikuwa imepatwa na mnyauko. Nilifika na buti zangu na kalamu yangu. Aliniangalia, akaangalia barabara nyuma yangu, akauliza: "Mutoto, agronome atafika saa ngapi? Mumwambie migomba inakufa." Nikamwambia ni miye. Akacheka kwa upole kabisa, akanipa kiti. "Sawa, ikala tungoje baba yako."

Mwenzangu wa staji alianguka chini kwa kicheko. Tangu siku ile jina langu ni Pawpaw, mpaka leo, hata kwenye simu za watu.

Lakini nilichofanya pale ndicho kinachonileta kwenye makala hii. Niliweka mikono kiunoni. Nikageuza macho polepole. Nikangoja. Mama akacheka, watoto wake wakacheka, majirani wakakaribia. Na walipomaliza kucheka nikaanza kueleza namna ya kukata shina lenye ugonjwa, namna ya kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda bila kutumia panga, kwa nini panga lisafishwe kwa moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Walinisikiliza. Nimefanya hivyo mara nyingi tangu pale. Uso huu ni chombo cha kazi, sawa na jembe. Swali langu ni chombo hiki kitanifikisha umri gani. Mtu wa miaka 28 akifanya ile sura, wanacheka. Wa 45 je? Kwa hiyo nikiangalia waigizaji wenye sura ya kitoto wanavyozeeka, siangalii kama shabiki. Ninaangalia kama mtu anayemuuliza dereva wa mbele kama barabara inapitika.

Na kuna barabara zisizopitika. Wale ambao mlikuwa na televisheni ya kukamata chaneli za Kifaransa labda mliona marudio ya *Arnold et Willy*. Yule mdogo, Arnold, ni Gary Coleman, Mmarekani. Alianza mwaka 1978 akiwa na miaka 10, na kipindi kiliisha 1986 akiwa na 18. Alikuwa na ugonjwa wa figo tangu utoto. Ugonjwa pamoja na dawa zake vilimsimamisha kwenye mita 1.42. Angalia vipindi vya mwanzo halafu vya mwisho. Mwanzoni ni mtoto wa kweli mwenye akili ya haraka isiyo ya kawaida, anarusha neno kabla mkubwa hajafunga mdomo, unacheka mpaka unashika ukuta. Mwishoni ni kijana wa miaka 17, 18, na waandishi bado wanamwandikia maneno ya mtoto, bado wanataka avimbishe mashavu. Sauti imebadilika, macho yamechoka, lakini mchezo ni ule ule. Vicheko vinaendelea. Miye vinanipa huzuni.

Baadaye aliwashtaki wazazi wake na meneja wake juu ya pesa za utoto wake, na mwaka 1993 mahakama ikampa haki. Aliwahi kufanya kazi ya ulinzi. Alikufa 2010, miaka 42. Mpaka mwisho, watu wakikutana naye barabarani walikuwa wanataka aseme lile neno lake la utotoni.

Hapo ninaona tofauti kubwa na ndugu zetu wa Nigeria. Coleman alikuwa mtoto kweli, akakua, na watu wakamkatalia kukua. Aki na Pawpaw hawakuwa watoto hata siku moja mbele ya kamera. Waliingia kazini wakiwa watu wazima, wakavaa kaptula kama vile mtu anavyovaa blusi nyeupe ya maabara, jioni wakaivua. Utoto wao ulikuwa mkataba. Ninadhani ndiyo maana walipofika miaka 40 hawakuvunjika. Hakukuwa na mtoto wa kupoteza. Mwaka 2011 Rais Goodluck Jonathan aliwapa wote wawili nishani ya taifa, ile ya MFR. Dola imewatambua kama wababa wa heshima, na sisi huku bado tunabishana kama wana ndevu.

Mwingine ninayemfikiria ni Michael J. Fox, ingawa yeye ni hadithi tofauti kidogo. Mwaka 1985, akiwa na miaka 23, alicheza mvulana wa miaka 17 katika *Back to the Future*, na hakuna aliyestuka. Uchekeshaji wake wote ulikuwa mwendo: anakimbia, anajikwaa, anageuka, mwili mwepesi kama wa mbuzi mdogo. Miaka sita baadaye madaktari wakamwambia ana Parkinson. Alificha mpaka 1998. Kwa mchekeshaji wa aina yake huo ni mwisho, si ndivyo? Mwili wenyewe njo umechukuliwa. Lakini tafuta namna alivyocheza Louis Canning katika *The Good Wife*. Ni wakili mgonjwa anayetetemeka, na anautumia ule mtetemo mahakamani kama mtego: anaomba msamaha kwa ugonjwa wake, watu wanamhurumia, na huku amekwisha kuwapiga. Ni yule yule mvulana mtundu wa 1985. Utundu haukwenda popote. Ulihama tu kutoka miguuni, ukaingia mahali pengine.

Huo kwangu ndio mtihani. Si kama uso umekunjamana, kila uso unakunjamana. Ni kama mchezo umehama pamoja na uso, au umeachwa nyuma kama nguo ya zamani isiyofunga vifungo.

Kwa mtihani huo, *Aki and Pawpaw* ya mwaka 2021 ninaipa alama kumi na moja juu ya ishirini. Imepita, lakini isijisifu. Iliongozwa na Biodun Stephen, ikaingia sinema Desemba ile, baadaye Netflix. Niliiangalia kwa simu ya rafiki, usiku, tukigawana kisikilizio kimoja kimoja. Wameletwa Lagos, ni ndugu wawili wanaotafuta maisha, wanapata umaarufu wa mitandaoni, na umaarufu unaanza kuwatenganisha. Osita alikuwa na miaka 39 na Chinedu amefika 44.

Mwanzoni filamu inajifanya kama miaka ishirini haikupita. Inawarudishia utundu wa zamani na inatungojea tucheke kama zamani. Nilicheka, lakini ilikuwa kicheko cha kumsalimia mtu unayemfahamu. Mtoto akimdanganya mkubwa, amepindua dunia kwa dakika moja. Mtu wa miaka 44 akimdanganya mwenzake, ni mjanja tu, tunao wengi hapa mjini, wengine wanavaa kravati. Kile kilichowalinda zamani, yaani kwamba huwezi kumchukia mtoto, hakiko tena. Uso umewaambia watu ukweli.

Lakini pale ndugu wawili wanapoanza kugombana, nilikaa wima. Zamani walikuwa wanagombana kila filamu, na tulijua jioni watakula sahani moja. Sasa wanagombana kama wanaume, kwa pesa na kwa jina, na kuna jambo katika macho ya Chinedu Ikedieze, uzito fulani, ambalo mwaka 2002 hakuwa nalo na hangeweza kuwa nalo. Unaogopa kwamba hawa hawatapatana. Hapo umri umewapa kitu. Ilikuwa pa kukaa, pa kuacha kamera itulie juu ya zile nyuso mbili. Filamu ikapita mbio, ikarudi kwenye vituko, juu ya ilikuwa imetuahidi vituko kwenye picha ya tangazo. Ningependa mtu awape filamu moja tu, ya polepole, wawe mafundi viatu, wawe wazee wa ukoo, wagombanie kiwanja. Wangeweza. Ile sekunde ya kungoja bado wanayo.

Kuna jambo jingine kuhusu umri wao ambalo sikulitambua mpaka mwaka 2024. Mchezo wa mtoto mtundu unahitaji baba wa kumkimbiza. Kwa Pawpaw, baba mkubwa kuliko wote alikuwa John Okafor, *Mr. Ibu* mwenyewe, yule mwenye uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Osita alicheza mtoto wake, na mtoto alikuwa na akili kuliko baba, na baba alijua hivyo, na wote wawili waliteseka nalo. Tarehe 2 Machi 2024 John Okafor alikufa, baada ya ugonjwa mrefu na kukatwa mguu. Tarehe 24 ya mwezi ule ule akafa Amaechi Muonagor, mwingine wa wale wazee wa filamu zile, mgonjwa wa figo. Mwezi mmoja. Ile siku ya pili nilifikiria: sasa hawa hawana tena wa kuwaita watoto. Tuko na methali na nyimbo nyingi juu ya yatima, lakini yatima wa filamu sikuwahi kumfikiria. Mtu anaitwa mtoto mpaka siku waliokuwa wanamwita hivyo wamekwisha.

Najua mtaniambia, lakini stika ziko. Kweli. Tangu mwaka 2019, wakati shabiki mmoja wa Brazili alipofungua ukurasa Twitter na kuanza kusambaza vipande vya filamu za Nigeria, uso wa Pawpaw umezunguka dunia. Watu ambao hawajaona hata filamu moja ya Nollywood wanautuma kila siku. Ni sifa kubwa. Pia ni kifungo cha aina yake, cha upole. Mwigizaji wa zamani alizeeka, filamu zake zikazeeka naye, kanda zikachakaa, watu wakasahau. Huyu anazeeka wakati uso wake wa miaka 20, tuliouamini kuwa wa miaka kumi, unazidi kuwa mpya kila asubuhi. Kila anachocheza leo kinashindana na sekunde mbili za mwaka 2003. Na wanaoendesha mashindano hayo ni siye, kwenye grupu, tukingojea majibu ya kazi.

Na hapo ninarudi kwenye maumivu ya yule dada, juu ya sitaki kumcheka. Nadhani nimemwelewa. Sisi hapa tunaitwa "petit" muda mrefu sana. Umemaliza licence, umetetea kazi yako ya mwisho mbele ya maprofesa, mama amelia, wamekumwagia unga kichwani, na kesho yake wewe ni "petit" unayetumwa kununua vocha. Bila kazi, bila nyumba, bila bibi au bwana, miaka 28 ni utoto. Aki na Pawpaw walikuwa wenzetu katika hilo bila kujua: watu wazima ambao kila mtu aliwasoma kama watoto, na ambao waligeuza hiyo dharau kuwa mkate. Kumuona Pawpaw ndani ya suti, na mistari kwenye paji la uso, ni kumuona mwenzako wa benchi ameitwa jina lake, amesimama, ameondoka. Siye tumebaki kwenye benchi na stika yake.

Kwa upande wangu, picha ile ilinipa nafuu, ndiyo maana nilinyamaza. Niliikuza kwenye simu mpaka ikawa vipande vipande. Nilitafuta kama katika ule uso wa mtu wa zaidi ya miaka 40 bado kuna kitu ninachokifahamu. Macho. Yanatazama pembeni kidogo, kama mtu aliyesikia uongo na ameamua kungoja uishe.

Basi jana nikaikata ile picha ya suti, nikaifanya stika. Asubuhi mtu akauliza tena juu ya ile kazi, nikaituma. Kimya kidogo. Kisha mmoja wetu, ambaye nadhani hakuwa amefuata mazungumzo ya mwanzo, akaandika: "Huyu muzee ni nani?"

Yule dada njo aliyemjibu, mbele yangu. "Ni Pawpaw. Sema jambo baba."